Samadi na Chumvichumvi Bondeni Pawaga

Hakuna mmea uliowahi kufa mikononi mwangu. Nilisema hivyo Iringa mjini, mbele ya meza ya Bwana Shamba Mkubwa, kifua mbele, tai shingoni, kwa Kiingereza safi cha darasa la kumi, ili makarani waliojifanya wanaandika wasikie na waumie. Kwetu Uyole, nikaongeza, ukiangusha fimbo njiani jioni, asubuhi unaikuta imechipua. Sisi watu wa Mbeya hatuhangaiki na ardhi. Tunaiambia tu itoe, nayo inatoa.

Bwana Shamba Mkubwa alikuwa Mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Soksi, kwa sababu alivuta soksi zake hadi magotini hata siku za joto la kuivisha yai. Aliniangalia akatabasamu. Nikadhani amevutiwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hivyo ndivyo anavyotabasamu akipata mtu wa kumpeleka mahali ambapo wenzake wote wamekataa.

"Wewe iko kijana hodari," akasema. "Wewe takwenda Pawaga."

Karani mmoja akakohoa. Mwingine akainamisha uso mezani, mabega yanacheka.

Pawaga, kama hujafika, usiende. Unatoka Iringa, unaiacha Kihesa na ubaridi wake na watu wenye akili zao, halafu lori linashuka, na kushuka, na kushuka, mpaka hewa inakuwa kama pumzi ya mtu aliyelala amekuelekea usoni. Chini huko ni tambarare, udongo umepasukapasuka, na ukitazama kwa mbali unaona weupe, unadhani kuna mtu amemwaga unga. Si unga. Ni chumvi. Udongo wenyewe una chumvi, ng'ombe wanakuja kuuramba kama watoto na sukari guru. Watu wanakaa kwenye tembe, zile nyumba ndefu za paa bapa la udongo, kiasi kwamba unaweza kuwa unakula ugali wako ndani na mbuzi anatembea juu ya kichwa chako. Hapo ndipo nilipopelekwa kuleta maendeleo, mwaka wa hamsini na sita, na sanduku la bati na magunia ya mbolea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imechimba mfereji mpya kutoka mto Ruaha, na ilitaka kando yake pajae pamba. Lakini pamba gani itaota kwenye chumvi? Ofisini walibishana. Wengine walisema dawa ya udongo wa namna ile ni samadi, mavi ya ng'ombe yaliyooza. Wengine walisema samadi ni ushamba, dawa ni mbolea ya dukani, ile nyeupe ya punje ambayo watu wanaiita chumvichumvi. Bwana Soksi akaamua kukata ubishi kwa shamba moja lililopasuliwa katikati na njia. Upande wa kushoto ningelima mimi, kwa chumvichumvi. Upande wa kulia angelima Mzee Silvester Kalinga, kwa samadi.

Huyu Kalinga alikuwa katekista wa Wakatoliki wa pale, mwenye sauti ya kengele na zizi kubwa kuliko mazizi yote, lililokaa ukingoni kabisa mwa mfereji, na tembe la familia yake limeliegemea kama mtu na mto wake. Kwa Kalinga hapakuwa na swali duniani ambalo ng'ombe hawakuwa jibu lake. Ukiumwa kichwa: maziwa. Ukioa: ng'ombe. Ukikosana na jirani: ng'ombe. Nadhani hata Utatu Mtakatifu aliuelewa kwa kuhesabu pembe.

Bwana Soksi alituita sote, wanakijiji wamekaa chini, akasema wazi. Chumvichumvi ikishinda, mazizi yote na nyumba zilizoyaegemea yataondolewa kando ya mfereji na kupelekwa nyuma ya kilima, kwenye mawe, ili ukingo wote uwe pamba. Na Anyitike, yaani mimi, atapelekwa Ukiriguru kusomea ubwana shamba kamili, arudi na pikipiki. Samadi ikishinda, mazizi yatabaki, na Anyitike atarudi kwao.

Kwetu maana yake ilikuwa baba yangu mdogo, Mika, ambaye alikuwa ananisubiri Uyole kando ya barabara kuu na magunia ya viazi, nikae juu ya kigoda na kupungia malori mkono mpaka nizeeke. Ukiriguru au viazi. Kwa hiyo usiniulize kama nililala usingizi.

Siku tuliyofungua magunia, Kalinga alikuja na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Mzee."

"Hii ndiyo ile mbolea ya Wazungu?" Akachovya kidole guniani, akakiramba kabla sijamzuia, akakunja uso na kutema. "Chumvi! Jamani, mtoto wa watu ametoka Mbeya kuja kutuletea chumvi Pawaga. Mbona hukuleta na jua?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mzee," nikasema, "hiyo ni sayansi. Usiirambe, bado haijakuzoea."

"Na wewe mbona hutaki samadi yangu? Nitakupa bure, nina mlima."

"Asante, Mzee. Kwetu kitu kile tukikikanyaga tunafuta miguu, hatukifanyii sherehe."

Tukaanza kulima. Kalinga alichimba vishimo bapa, akajaza samadi, akafukia, akapanda. Nilimwuliza kwa nini vishimo. Akasema ndivyo alivyolima baba yake. Nikamwambia ndiyo maana wamefanana. Mimi niliwalimisha vibarua matuta. Wewe mtu wa tambarare hujui tuta. Kwetu milimani mvua inanyesha kana kwamba imetukanwa, kwa hiyo tunainua udongo juu, tuta refu, mgongo umenyooka, na mbegu tunaiweka mgongoni kabisa isizame. Matuta yangu yalikuwa mazuri hata Kalinga alisimama akayaangalia. Nikapanda pamba juu ya mgongo, na kila mbegu nikaiwekea chumvichumvi kiganja kizima, palepale ubavuni mwake, maana mimi si bahili. Kisha nikafungua maji ya mfereji yapite katikati ya matuta.

Miche ilitoka. Nikatembea mbele ya tembe la Kalinga nikipiga mluzi. Halafu kingo za majani zikaanza kuwa kahawia, kama nguo iliyopigwa pasi ya moto sana, na mgongo wa kila tuta ukavaa ukoko mweupe. Maji yalikuwa yanapanda ndani ya tuta, jua linayanywa kutoka juu, na chumvi inaachwa hukohuko mgongoni, kwenye shingo ya mche. Ukichanganya na ile ya kwangu ya kiganja kizima, pamba ilikuwa inakaa ndani ya chungu cha kutilia nyama chumvi. Ikafa. Ikafa yote, tuta kwa tuta, kwa heshima, bila kupiga kelele.

Nilimwandikia Bwana Soksi kwamba mbegu zilikuwa mbovu. Akaleta nyingine.

Kabla sijazipanda likaja lile ng'ombe dume la Kalinga, jina lake Jemadari, mnyama mwenye kichwa kikubwa na mawazo madogo. Mchana mmoja liliingia kwenye matuta yangu kuramba ule ukoko mweupe. Likaramba, likabomoa, likageuka, likaramba tena, na kwenye ncha ya tuta la mwisho likaacha kila lilichokuwa limekula tangu juzi. Nilikwenda hadi mlangoni mwa kanisa la Kalinga, watu wanatoka kwenye sala, nikamsomea mbele ya waumini wake. Nikasema mifugo isiyo na adabu inafuata malezi. Nikasema shamba la Serikali si choo cha ng'ombe. Nikasema kuna watu wanafundisha Amri za Mungu na hawawezi kumfundisha dume mmoja kukaa kwake.

"Pole, mwanangu," akasema Kalinga. "Lakini ng'ombe amefuata chumvi. Nani kaiweka pale?"

Wakacheka tena. Watu wa Pawaga ni wepisi wa kucheka, hawana kazi nyingi.

Nikapanda mara ya pili, kwa hasira, palepale juu. Ikafa tena. Yaani ikafa yote isipokuwa kwenye ncha ya tuta la mwisho, pale Jemadari alipopabomoa na kupachafua. Huko mbegu zilikuwa zimeteremkia ubavuni mwa tuta, na pamba ilikuwa imesimama, kijani cha kung'aa, jani pana kama kiganja, kama imetukanwa na inataka kumjibu mtu.

Mtu aliyesoma haamini jambo kwa kuliangalia. Nilipiga magoti nikachimbua. Kwingine kote udongo ulikuwa mgumu kama tofali, jembe linalia. Pale penye mavi ya Jemadari ulikuwa mwepesi, una unyevu, vidole vinaingia. Maji yalikuwa yanashuka chini na kuondoka na chumvi, badala ya kupanda nayo. Na ile chumvichumvi yangu, iliyochanganyika na samadi na kukaa mbali kidogo na mche, ilikuwa inaulisha badala ya kuuchoma. Nikavuka njia nikaangalia upande wa Kalinga. Pamba yake ilikuwa hai, ndiyo, ila ilikuwa fupi, ya njano, kama mtoto anayepewa ugali bila mboga. Samadi peke yake ilikuwa imeuokoa mche usife, lakini haikuushibisha. Kwa hiyo Kalinga alikuwa mjinga, na ofisi nzima ya Iringa walikuwa wajinga pamoja naye, wale wa samadi na wale wa dukani. Udongo wa Pawaga ulitaka vyote viwili.

Kuna wanaosema mtu mwaminifu angemwandikia Bwana Soksi jambo hilo. Hao hawajawahi kuuza viazi kando ya barabara. Ningemwandikia, angesema vizuri sana, hakuna aliyeshinda, rudi kwenu. Mimi nilitaka pikipiki.

Tatizo likawa moja tu, samadi nitaipata wapi bila kuomba? Kumwomba Kalinga, baada ya yale niliyomwambia mlangoni mwa kanisa, ilikuwa ni bora nile matuta yangu.

Lakini mimi ni Mmoravian. Kule bondeni Jumapili wote wanaingia kanisani kwa Kalinga, kuanzia bibi kizee mpaka kifaranga, na Mmoravian peke yake anabaki mtu huru. Jumapili ile nilisubiri kengele, nikasubiri wimbo wa kwanza, nikachukua gunia na koleo, nikaenda zizini. Ng'ombe walikuwa malishoni. Samadi kongwe, kavu, ile nzuri, ilikuwa imelundikwa nyuma. Kanisa lilikuwa karibu hata nilimsikia Kalinga anawakaririsha watu Amri za Mungu, moja moja, kwa ile sauti yake. Alipofika ya saba, usiibe, niliweka koleo chini mpaka alipomaliza, maana si adabu kumkatiza mtu akiwa anafundisha.

Nilikwangua ule ukoko mweupe migongoni mwa matuta yote, nikautupa mbali. Nikachanganya samadi, nikaifukia vizuri isionekane hata unyasi mmoja. Nikapanda ubavuni mbegu zilizobaki, chumvichumvi kidogo, pembeni. Vibarua walipokuja Jumatatu niliwaambia ni njia mpya kutoka Ulaya. Wakaitikia, eeh. Wangeitikia hata kama ningesema imetoka mwezini.

Gunia moja halitoshi shamba. Nilirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Jambo la ajabu ni kwamba kila niliporudi, samadi nzuri ilikuwa imesogea karibu zaidi na mlango wa zizi, kavu, imechambuliwa mawe. Nikasema moyoni, hawa watu hawajui hata kulinda mavi yao.

Ndipo Jumapili moja, nafunga mdomo wa gunia, nikasikia mtoto analia. Mtoto mchanga, kilio ambacho bado hakijajua kazi yake. Nikainua macho. Kwenye ukuta wa tembe, hatua chache tu kutoka nilipoinama, kulikuwa na kidirisha cha ukubwa wa sahani, na ndani ya kidirisha macho mawili.

"Kamwene, Bwana Shamba," ikasema sauti ya mwanamke.

"Kamwene, mama."

"Hujaenda kusali leo?"

"Mimi nasali nikiwa natembea."

"Na gunia?"

"Gunia pia."

Akacheka, cheko refu la mtu aliyekaa ndani siku nyingi bila kichekesho. Nikatupa gunia begani nikaondoka bila kuangalia nyuma.

Jioni nilijipitisha kwa Kalinga, nikauliza kijuujuu tu, Mzee, nasikia mtoto analia kwako. Mzee akavimba kama chura.

"Mjukuu! Wa kiume! Mke wa mwanangu Didas, Juliana. Didas mwenyewe yuko Iringa, anafanya kazi ya uashi. Mama bado yuko ndani, hatoki mpaka mtoto atolewe nje."

Nikamshukuru Mungu wa Wakatoliki na wa Wamoravian kwa pamoja. Nilikwenda kibandani kwangu nikalala chali nikacheka peke yangu. Mkwe! Yule mwanamke alikuwa mke wa mtoto wake!

Labda wewe hujui desturi za watu waliostaarabika, basi nikueleze. Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina, hasemi mbele yake. Mama yangu akisikia kikohozi cha babu njiani anaruka migombani na ndoo yake kichwani. Ameolewa tangu kabla sijazaliwa, na ukimwuliza babu ana macho ya namna gani hajui. Sasa niambie, siri yangu imekaa wapi? Imekaa kwenye kinywa ambacho hakiwezi kufunguka mbele ya Kalinga. Na Bwana Soksi akija kukagua, Kalinga atakuwa amemganda kama kupe, na mkwe wake hatasogea. Siri ya namna hiyo ni salama kuliko iliyozikwa. Jumapili iliyofuata nilipita chini ya kile kidirisha nikamsalimia mwenyewe, nikamwuliza mtoto hajambo.

"Hajambo," akasema Juliana. "Anauliza mtatuhamishia nyuma ya kilima lini."

"Mwambie kuna hewa nzuri kule."

"Kuna mawe na nyoka kule, Bwana Shamba. Na maji ni ya kufuata."

"Mwambie ni maendeleo."

Hakucheka safari hiyo.

Pamba ikapanda. Nisikudanganye, sijaona kitu kama kile hata kwenye picha za vitabu. Ilifika kifuani, ikatoa maua, ikatoa vitumba vizito, vikaanza kupasuka, na upande wangu wote ukawa mweupe, weupe wa pamba na si wa chumvi. Ng'ambo ya njia, ya Kalinga ilikuwa magotini, vitumba vichache kama meno ya kizee. Nilikuwa nikimaliza chakula cha jioni nasimama njiani, mikono mfukoni.

"Mzee Kalinga, pamba yako inaumwa? Ipe maziwa."

"Yangu ni nzima, mwanangu. Haina haraka."

"Hata mimi naona haina haraka. Itafika mwakani."

Hakuwahi kunijibu kwa hasira, na hilo lilinikera. Mtu unayemdharau anatakiwa ashirikiane nawe kidogo.

Siku ya ukaguzi Bwana Soksi alikuja na gari na karani mmoja, yule wa kukohoa. Kijiji kizima kilikuja. Alianza upande wa Kalinga, akashika kitumba kimoja, akakipima kwa vidole, akasema "hm." Akavuka njia. Akasimama. Akavua kofia.

"Anyitike," akasema polepole. "Hii yote chumvichumvi tu?"

"Chumvichumvi tu, Bwana."

"Hapana weka kitu kingine?"

"Bwana, nimeweka akili. Hiyo haiuzwi dukani."

Akacheka. Karani naye akacheka, kwa kuwa bwana amecheka. Bwana Soksi akageukia watu akasema basi, wameona wote kwa macho, mwezi ujao mazizi yanaanza kuondoka, na kijana huyu atakwenda Ukiriguru. Mwanamke mmoja mzee akaketi chini palepale, kama mtu aliyekatwa miguu. Nami, ili kuwasaidia kupokea habari, nikatoa hotuba fupi. Nikasema sayansi haina kinyongo. Nikasema hata ng'ombe watazoea mawe, na yule Jemadari huenda akapata akili akipanda kilima kila siku. Nikamalizia kwamba Mzee Kalinga akitaka kuazima kiganja cha chumvichumvi, mlango wangu uko wazi, mradi asiirambe.

Kalinga alikuwa amesimama mikono nyuma, hakasiriki, anaangalia upande wa wanawake. Nikafuata macho yake. Juliana alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, sasa amenenepa ana mashavu. Ndiyo kwanza nilikuwa namwona mzima, si macho tu. Nilimtikisia kichwa kwa upole, kama mtu anavyosalimia mlango uliofungwa.

Akatoka katikati ya wanawake. Akatembea mpaka mbele ya baba mkwe wake, akakunja magoti kidogo.

"Baba, naomba kusema."

Nilisubiri mbingu zianguke. Kwetu zingeanguka, wazee wangeziba nyuso, mtu angekimbia kutafuta kuku wa kutuliza mizimu. Hapa hakuna aliyeshtuka hata kidogo. Mtoto alipiga chafya.

"Sema, mwanangu," akasema Kalinga. "Sema kama ulivyoniambia mimi."

Kama ulivyoniambia mimi! Nilihisi udongo wa Pawaga unanivuta kwa kisigino.

"Bwana Mkubwa," akasema Juliana, na hakusema kwa kunong'ona, "hiyo pamba imekula samadi ya zizi letu. Nilikuwa ndani na mtoto, sitoki, sina cha kutazama ila kidirisha. Jumapili watu wakiingia kanisani, huyu Bwana Shamba anaingia zizini na gunia. Anajaza, anabeba, anafukia kwenye matuta. Nilimwambia baba. Baba akasema tumwache, pamba iote kwanza. Akawa anamsogezea ile nzuri mlangoni asipate taabu."

Watu wa Pawaga, nimekwisha kukuambia, ni wepisi wa kucheka. Lakini safari hii hawakucheka bado; walikuwa wananisubiri mimi.

Bwana Soksi akaniangalia. "Kweli, Anyitike?"

Mtu aliyefika darasa la kumi hakosi neno. "Bwana," nikasema, "simlaumu dada huyu. Alikuwa mzazi, mwili dhaifu, hajalala vizuri. Dirisha lenyewe ni kama sahani. Kwamba aliona mtu, sikatai, watu wanapita. Lakini mgongo wa mtu aliyeinama ni mgongo tu, unaweza kuwa wa yeyote. Labda kibarua. Labda mpita njia. Ukimwuliza vizuri ataona kwamba alimwona mtu mwingine."

Juliana alifikiri. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akafikiri tena, kama mtu anayetaka kumtendea mwenzake haki.

"Inawezekana," akasema. "Basi, Bwana Mkubwa, tumtafute bondeni humu huyo mtu mwingine anayekwenda kuiba mavi amevaa tai."

Karani alianza kukohoa, akashindwa kumaliza.

"Nyekundu," Juliana akaongeza. "Ina vidoa vyeupe. Alikuwa anaitupa begani isiguse gunia."

Macho ya kijiji kizima yakaacha uso wangu yakashuka kidogo, na mimi nikapeleka mkono shingoni, taratibu, kama mtu anayejikuna.